Beki Hatajwi Ila Akikosea



Wapenzi wasomaji, miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa akina mama, hakuna linalorudiwa siku hizi kuliko hili la mpira wa vijana. Mwana madrasa haachi, shuleni anakwenda si vibaya, lakini moyo wake wote uko uwanjani; je, azuiliwe au aachwe? Leo hatukusudii kutoa jibu la ndiyo wala la, kwani kila nyumba ina hali yake na kila mtoto ana tabia yake. Tumeona ni bora tumchukue mchezaji mmoja, tuifuate safari yake tangu mwanzo, ili mzazi aione kazi hii ilivyo ikiwa imevuliwa mapambo.

Tumemteua mlinzi, yaani beki, na kwa sababu. Vijana wetu wakikaa barazani baada ya Isha wakaanza kubishana, majina utakayoyasikia ni ya wafungaji. Mfungaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, jina lake huimbwa mji mzima. Beki akizuia mara tisini na tisa kisha akateleza ya mia, hiyo ya mia ndiyo itakayosimuliwa mpaka wajukuu. Akina mama wanaotusoma hawahitaji kufafanuliwa kazi ya namna hiyo. Chungu kikiiva kila siku hakuna anayesema neno. Siku wali ukiungua, hata jirani wa mtaa wa pili atauliza kulikoni.

Mlinzi wetu ni Kolo Touré wa Cote d'Ivoire, nchi ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Ivory Coast. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1981 katika mji wa Bouaké, ulio katikati ya nchi hiyo, katika jamii ya Kiislamu. Nduguye Yaya, ambaye jina lake lilikuja kuvuma kuliko lake, alimfuata baada ya miaka miwili, kisha Ibrahim. Wote watatu walikuwa watu wa mpira.

Mjini Abidjan, klabu ya ASEC Mimosas ilikuwa na chuo cha vijana kilichoanzishwa na Mfaransa Jean-Marc Guillou katika miaka ya tisini. Watoto walikaa pale pale, wakisoma na kufanya mazoezi, na kwa muda mrefu walicheza miguu mitupu, kwa fikra ya mwalimu wao kwamba mguu usio na kiatu hujifunza kuuhisi mpira. Mnamo 1999 klabu ilikuwa imeuza wachezaji wake wakubwa waliotwaa ubingwa wa Afrika mwaka uliotangulia, ikawaingiza wanafunzi hawa kucheza na Espérance ya Tunisia, kuwania Kombe la Super la Afrika. Vijana wakashinda mabao 3 kwa 1. Kolo alikuwa miongoni mwao, hajatimiza hata miaka 18. Mzazi azingatie jambo moja hapo: mtoto huyu hakuchukuliwa na mtu aliyemkuta njiani akamwahidi Ulaya. Alilelewa mahali palipojulikana, penye walimu na darasa, kwa miaka kadhaa, kabla ya mtu yeyote wa ng'ambo kumtazama. Twalisema hili kwa sababu wapo mawakala wanaozunguka pwani yetu na karatasi mkononi, wakidai fedha za viza kutoka kwa mama aliyekwisha kuuza mkufu wake.

Mapema mwaka 2002 Kolo alikwenda London kwa majaribio katika klabu ya Arsenal. Ray Parlour, aliyekuwa mchezaji wa klabu hiyo wakati ule, amelisimulia mara nyingi tukio la siku ile. Kijana aliwekwa uwanjani pamoja na nyota, na mara tu mchezo ulipoanza akamkwatua Thierry Henry. Akaonywa. Muda si muda akamkwatua Dennis Bergkamp. Akaonywa tena. Mpira ukatoka nje kuelekea alikosimama kocha, Arsène Wenger. Kijana akaukimbilia, akateleza, akamzoa mwalimu mwenyewe. Wenzake walidhani safari yake imeishia hapo. Wenger, huku anauguza mguu, alisema kijana yule atasajiliwa, maana alichokiona kwake ni ari isiyo na ubaya. Arsenal ililipa ASEC pauni 150,000 hivi, fedha ndogo mno kwa soko la wachezaji.

Wakati huo hakuwa beki wa kati hata kidogo. Msimu wake wa kwanza alichezeshwa kiungo, akachezeshwa winga, akachezeshwa beki wa pembeni. Palipopwaya ndipo alipowekwa. Wapo vijana ambao wangelinuna. Tunawajua walionuna kwa jambo dogo kuliko hilo, kwa kuambiwa wakasimame golini siku moja. Yeye alikwenda alikotumwa, na kabla ya msimu wa 2003 Wenger akamrudisha nyuma kabisa, kando ya Sol Campbell, ili awe nguzo ya ulinzi. Msimu ule Arsenal ilicheza mechi 38 za Ligi Kuu ya Uingereza, ikashinda 26, ikatoka sare 12, haikufungwa hata moja. Ilikuwa haijawahi kutokea tangu ligi ile iwe na mechi 38. Kolo alicheza karibu zote. Leo watu wakiutaja msimu ule husema Henry, husema Bergkamp, husema Vieira. Lango lao liliingia mabao 26 tu katika mechi hizo 38, na mabao yaliyozuiliwa hayana mahali yanapoandikwa.

Miaka miwili baadaye, katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, safu ya ulinzi ya Arsenal ilijaa vijana kwa sababu wakubwa wengi walikuwa majeruhi. Kolo, mwenye miaka 25, ndiye aliyekuwa mzee wao, na kulia kwake alikuwapo Emmanuel Eboué aliyelelewa katika chuo kile kile cha Abidjan. Walicheza mechi 10 mfululizo za mashindano hayo bila kufungwa bao. Katika nusu fainali dhidi ya Villarreal, aliyefunga bao pekee alikuwa huyo huyo beki. Fainali ilichezwa Paris mwezi Mei 2006. Kipa wao alitolewa kwa kadi nyekundu mapema, Barcelona ikashinda 2 kwa 1.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana si kila jambo la mtu huyu ni la kuigwa, nasi hatuandiki ili tumfanye walii. Kolo alikuwa na mazoea ya kutaka awe wa mwisho kutoka chumba cha kubadilishia nguo. Ilijulikana kwa wenzake wote. Mwezi wa Februari 2009, Arsenal ikicheza na Roma ya Italia, beki mwenzake William Gallas alikuwa akitibiwa wakati wa mapumziko. Kolo akakataa kutoka kabla yake. Kipindi cha pili kikaanza Arsenal ikiwa na watu tisa uwanjani, kisha alipotoka mbio akaingia bila ruhusa ya mwamuzi, akaonyeshwa kadi ya njano. Uwanja mzima ulicheka, na hata leo kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Lakini tujiulize sisi wenyewe tunaocheka: ni wangapi wetu hawatoki nyumbani wakijikwaa kizingitini, wala hawaanzi biashara wakikutana na fulani asubuhi kwa kuwa ana kisirani? Mambo ya nuhusi dini yetu imeyakataa waziwazi, na mtu hodari wa kazi anaweza kuwa mtumwa wa mlango. Gallas alipona, Arsenal ilishinda, na ile kadi ya njano haikuletwa ila na ule woga.

Kiangazi cha mwaka huo alihamia Manchester City kwa fedha zilizotajwa kuwa kati ya pauni milioni 14 na 16. Akapewa unahodha. Neno hili la nahodha tumelirithi kutoka jahazini, nalo lina uzito wake. Anayelibeba hulala wa mwisho. Hakudumu nalo. Kocha alibadilishwa, na kocha mpya, Roberto Mancini, akampa unahodha mtu mwingine. Tangu hapo nafasi yake ikawa ya kugombewa kila juma.

Mapema mwaka 2011 likatokea jambo ambalo, kwa hakika, ndilo lililotufanya tumchague yeye kwa ukurasa huu wa familia badala ya beki mwingine yeyote. Wachezaji hupimwa mkojo ili kuchunguza kama wametumia dawa zilizokatazwa, na mkojo wa Kolo ulikutwa na dawa kama hiyo. Mwezi Machi akasimamishwa. Ilipofuatiliwa, ikabainika kwamba hakutafuta nguvu za haramu wala hakudungwa sindano na daktari mwovu. Alikuwa na hofu ya kunenepa. Akiwa nyumbani kwake, alichukua vidonge vya mkewe vya kupunguza mwili, akavimeza.

Tume ya chama cha soka cha Uingereza ilikubali kwamba hakukusudia kuongeza uwezo wake wa kucheza. Hata hivyo ilimpa adhabu ya miezi sita nje ya uwanja, ikihesabiwa tangu mwanzoni mwa Machi. Mwezi Mei wenzake walitwaa Kombe la FA, kombe la kwanza kubwa la klabu ile kwa miaka 35, naye hakuruhusiwa kucheza. Kanuni ya michezo haina mzunguko: kilichoingia mwilini mwako ni amana yako, na kusema sikujua kunapunguza adhabu lakini hakuiondoi.

Tunajua wako watakaosema, mambo ya wachezaji wa Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, dada zetu. Vidonge vile havikutoka katika chumba cha mazoezi, vilitoka kabatini. Na kabati kama hilo liko katika nyumba zetu. Harusi ikikaribia, bibi harusi huambiwa apungue ili gauni likae. Mama aliyejifungua huambiwa na shoga zake kwamba mumewe atamkinai. Ndipo huletwa vidonge katika chupa isiyo na maelezo, au vya unga uliofungwa karatasini, au majani ya chai yanayosifiwa kwamba yanakausha mafuta. Bei hujulikana, muuzaji hujulikana, ila kilichomo ndani hakijulikani na yeyote, pengine hata na muuzaji.

Aghalabu dawa za namna hii huwa na kitu cha kukojosha au cha kuharisha. Mtu hukojoa maji mengi, mizani ikashuka kwa kilo mbili au tatu, akafurahi. Hakupungua mafuta; amepoteza maji, na pamoja na maji amepoteza chumvi za mwili zinazouwezesha moyo kupiga sawasawa. Akinywa maji, kilo zinarudi. Akizidisha vidonge, figo na moyo huingia hatarini. Dawa za kukojosha zenyewe ni dawa halali za hospitali, daktari huwaandikia wenye shinikizo la damu na wenye kujaa maji. Ila huziandika kwa kipimo na kwa kumfuatilia mgonjwa. Katika michezo zimekatazwa kwa sababu huweza kuficha dawa nyingine katika mkojo, na kwa sababu hushusha uzito kwa hila.

Kuna lililo baya zaidi. Dawa moja iitwayo sibutramine, iliyokuwa ikitumika kupunguza hamu ya chakula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mnamo 2010 baada ya kubainika kuwa inazidisha hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu wakati huo wakaguzi wa Marekani wameikuta mara kwa mara ndani ya vidonge vinavyouzwa kwa jina la dawa za asili tupu, bila kuandikwa popote kwenye chupa. Basi mama mjamzito, au anayenyonyesha, au mwenye presha, anapomeza kitu kama hicho kwa kuamini neno la muuzaji, ameikabidhi roho yake na ya mtoto wake kwa mtu asiyemjua. Tunasisitiza: mwenye kutaka kupungua aende kwa daktari au mtaalamu wa lishe, na kidonge cha mtu mmoja kisimezwe na mwingine, awe mume, awe mke, awe mtoto. Nasi hatusomi popote kwamba Kolo alimlaumu mkewe. Vidonge vilikuwa vya mke, mkono uliovichukua ulikuwa wake.

Alirejea Septemba 2011. Hakuwa tena nguzo ya timu. Alicheza mechi chache, lakini msimu huo Manchester City ikawa bingwa wa Uingereza naye akapata nishani ya pili ya ligi, ya klabu tofauti na ile ya kwanza. Katikati ya msimu ule kulikuwa na Kombe la Mataifa ya Afrika.

Inafaa kukumbuka hali ya nchi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Cote d'Ivoire mnamo Septemba 2002, na Bouaké, mji aliozaliwa beki huyu, ukawa makao ya waasi. Nchi iligawanyika kaskazini na kusini, na kwa bahati mbaya watu wakaanza kupimana kwa majina na dini. Timu ya taifa ilikuwa na Waislamu na Wakristo, watu wa kaskazini na wa kusini, ndani ya jezi moja ya rangi ya chungwa. Mwezi Juni 2007 ilipelekwa kucheza Bouaké kwenyewe dhidi ya Madagascar. Twasema haya ili ieleweke kwamba kombe kwao halikuwa pambo la kabati.

Na kombe hilo liliwakimbia. Mwaka 2006 jijini Cairo walifungwa na Misri katika fainali kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2012, Libreville, wakafika tena fainali na Zambia. Hawakuwa wamefungwa bao hata moja katika mashindano yote, na hata siku hiyo hawakufungwa mpaka muda wa nyongeza ukaisha. Penalti zikapigwa. Saba za kila upande zikaingia. Ndipo akasogea Kolo Touré. Alipiga, kipa akaudaka mkwaju wake. Mzambia aliyefuata naye akakosa, Gervinho wa Cote d'Ivoire akakosa, Zambia ikamalizia. Mechi sita lango halikuguswa, na picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya beki anayerudi katikati ya uwanja ameinama.

Mwaka 2013 alikwenda Liverpool, umri ukiwa miaka 32. Mwezi Februari 2014 ulikuwa mzito kwake. Tarehe 2, ugenini kwa West Bromwich, timu yake ikiongoza, aliupiga mpira mbele ya lango lake mwenyewe ukamfikia adui, bao likaingia, mechi ikaisha sare. Siku kumi baadaye, kwa Fulham, katika dakika ya 8 aliuingiza mpira katika lango lake kwa mguu wake. Wenzake waliokoa mechi ile kwa penalti ya dakika za mwisho. Liverpool ilimaliza msimu ikiwa ya pili, na waliotafuta wa kulaumiwa hawakutafuta mbali.

Kisha Juni. Ndugu wawili, Kolo na Yaya, walikuwa Brazil katika Kombe la Dunia. Tarehe 19 walifungwa na Colombia 2 kwa 1. Baada ya mechi hiyo wakaletewa habari kwamba mdogo wao Ibrahim, aliyewahi kuchezea klabu ya Lebanon, amefariki Manchester kwa maradhi ya saratani. Alikuwa na umri wa miaka 28. Mwenyezi Mungu amrehemu. Bahari nzima ilikuwa kati yao na maiti ya ndugu yao, na mechi nyingine ilikuwa baada ya siku tano. Walibaki na timu. Nchi yao ilifungwa na Ugiriki kwa penalti iliyopigwa mwamuzi akikaribia kupuliza kipenga, wakatolewa, wakarudi kwenye msiba wao.

Wapo waliouliza kama ilifaa wabaki. Sisi hatuna hukumu katika hilo. Familia nyingi za pwani zina mtoto Ghuba, zina mume melini, na zinajua simu ya usiku inayomkuta mtu mahali asipoweza kuondoka. Wa nyumbani huosha, husalia na kuzika, na aliye mbali huomba dua peke yake chumbani kisha asubuhi huvaa nguo za kazi. Mzazi anayemwota mwanawe Ulaya aiweke na siku hiyo katika hesabu.

Miezi minane haijatimia, tarehe 8 Februari 2015, Cote d'Ivoire ilikuwa tena katika fainali ya Afrika, safari hii mjini Bata, Guinea ya Ikweta. Didier Drogba alikuwa amekwisha kustaafu timu ya taifa bila kulishika kombe hilo. Kocha wao alikuwa Hervé Renard, yule yule aliyeifundisha Zambia iliyowafunga Libreville. Mpinzani alikuwa Ghana, waliyemfunga kwa penalti katika fainali ya 1992, ubingwa pekee waliowahi kuupata. Dakika 120 zikaisha bila bao. Penalti tena.

Wa kwanza wa Cote d'Ivoire akakosa. Wa pili akakosa. Ghana ilikuwa imefunga zake mbili, na tunaamini Waivori wengi walizima redio hapo. Kisha Ghana nayo ikakosa mbili. Wakaendelea mmoja baada ya mmoja, na ikafika zamu ya mtu aliyekosa miaka mitatu kabla, aliyejifunga mwaka mmoja kabla, aliyempoteza ndugu yake kiangazi kilichopita. Akaupiga, ukaingia. Mambo yalikwenda hadi wachezaji wote kumi wa ndani wakaisha na makipa wakalazimika kupiga. Boubacar Barry, kipa wa Cote d'Ivoire aliyekuwa pamoja na Kolo katika ile timu ya watoto wa 1999, aliuzuia mkwaju wa kipa mwenzake, kisha akapiga wake mwenyewe na kufunga. Tisa kwa nane. Baada ya kombe hilo Kolo akaacha kuichezea nchi yake, akiwa ameivalia jezi zaidi ya mara 100.

Klabu aliendelea nayo. Mei 2016, ana miaka 35, alianza katika fainali ya Ligi ya Europa mjini Basel. Liverpool ilifungwa na Sevilla. Alipoondoka Uingereza alikuwa amecheza mechi 353 za Ligi Kuu kwa klabu tatu. Akaenda Glasgow, Scotland, kuchezea Celtic. Mwezi Oktoba mwaka huo, katika mechi ya Ulaya na Mönchengladbach ya Ujerumani, alikosea mara mbili, na mabao mawili yakaingia. Baada ya mechi alisimama mbele ya waandishi akasema kosa ni lake. Hakutaja nyasi, hakutaja mwamuzi, hakutaja umri. Ndugu msomaji, tumehudhuria mabaraza mengi ya suluhu baina ya wanandoa na baina ya warithi, na sentensi hiyo fupi tumeisikia mara chache sana.

Msimu ule Celtic ilicheza mechi 38 za ligi ya Scotland, ikashinda 34, ikatoka sare 4, haikufungwa. Kolo hakucheza nyingi kati ya hizo, lakini nishani alivishwa. Akawa ameumaliza msimu bila kushindwa katika nchi mbili, miaka 13 ikiwa kati ya msimu mmoja na mwingine.

Baada ya hapo akaingia ukocha, kwanza akiwa msaidizi hapo hapo Celtic na kisha Leicester. Mwishoni mwa 2022 alipewa klabu yake mwenyewe, Wigan. Akaongoza mechi tisa, hakushinda hata moja, akaondolewa kabla ya miezi miwili kutimia. Baadaye akarejea Manchester City, safari hii akiwa mkufunzi.

Maswali ya eda na ya mirathi ya mke mkubwa na mdogo yaliyotufikia juma lililopita hatukuyasahau. Tutayajibu juma lijalo, inshaallah. Anayetaka kutuuliza kuhusu dawa alizonazo kabatini aanze kwa kuzipeleka hospitali zikaonwe, chupa na karatasi yake pamoja.

Wassalaamu alaykum.